Koki ya Ubavu wa Kushoto

Nahodha yule walimwita Msumeno, na hapakuwa na aliyekumbuka nani alianza kumwita hivyo. Jina lilimkaa tu. Ulimi wake ulikata ukienda na ukirudi: akikusifu unaumia, akikutukana unaumia vilevile. Alikuwa na boti moja ya uvuvi, ya mbao, kuukuu, iliyowazidi umri mabaharia wake wote, na alikuwa na binti mmoja. Mkewe alifariki binti akiwa bado ananyonya. Msumeno akamlea mwenyewe, akimwogesha na kumsuka kwa vidole vilivyozoea kushona nyavu, nywele zikakazwa hadi mtoto hawezi kufumba macho vizuri. Watu walimhesabia jambo hilo kuwa jema lake, na lilikuwa jema kweli. Lakini anayelea peke yake huweza kufika mahali akamwona mtoto ni mali yake, kama nyavu na boti.

Binti alipopata mchumba Msumeno hakukataa. Alitoa sharti moja tu, kwamba mwanawe hatoki pale nyumbani. Mchumba alikuwa fundi wa boti, mtu mpole, mwenye kucheka kwa pua, na alimpenda yule binti kiasi cha kukubali. Akahamia chumba cha uani na sanduku lake la vyombo vya kazi. Siku ya kuhamia, Msumeno alisimama mlangoni akawatangazia majirani kwamba leo nyumba hii imepokea mwali wa kiume, naye hajui kama amkaribishe kwa kikombe au kwa kanga. Majirani walicheka. Fundi naye akacheka, kwa adabu, maana mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Hapo ndipo alipokosea. Tangu siku ile Msumeno hakumwita tena kwa jina jingine. Mwali, niletee maji. Mwali, leo umepika? Mezani, barazani, mbele ya mabaharia.

Mkewe fundi alikuwa akimwambia wakibaki wawili kwamba baba ana mdomo, hana moyo mbaya, amzoee tu. Na mara nyingine Msumeno aliposema neno la kuchekesha kweli, binti mwenyewe alicheka. Kutokucheka kulikuwa na adhabu yake: baba angenyamaza, angesukuma sahani, angeuliza kama siku hizi katika nyumba yake anaruhusiwa kusema au aombe ruhusa uani.

Kila mwaka, kabla ya msimu, boti ilipandishwa chelezoni, pale nchi kavu ambapo vyombo huegemezwa kwenye magogo na kutengenezwa. Mwaka huo Msumeno alimpa fundi kazi ya kukagua njia zote za kutolea maji. Haikuwa kazi ya kugombaniwa. Boti ya uvuvi hunywa maji kutwa: mawimbi yanapiga sitaha, samaki wanaoshwa, barafu inayeyuka. Maji hayo yasipopata pa kutokea, chombo huzama taratibu. Kwa hiyo kuna matundu kwenye sitaha, pande zote mbili, na chini ya kila tundu kuna mpira mnene unaoteremka hadi ubavuni, na mpira unapokutana na ubavu kuna koki ya shaba ya kufungia. Kuzifikia hizo koki ni lazima ujipenyeze ngamani, kule chini kabisa chini ya injini, ambako maji machafu hutuama na mafuta na damu ya samaki, na mtu mzima hulala kifudifudi kama mjusi.

Fundi alianzia juu. Alizibua matundu kwa waya, akatoa magamba na nyuzi za nyavu na kisigino cha kiatu ambacho hakuna aliyejua kilitoka mguu wa nani. Kisha akashuka. Alizungusha kila koki, na zile zilizogoma akazipaka grisi akazisihi kwa spana mpaka zikakubali. Alibadilisha vibano vilivyoliwa na kutu, akavikaza viwili viwili kila mpira. Halafu akachukua kisu, akakwangua kila koki kidogo. Shaba nzima ikikwanguliwa hung'aa manjano. Shaba iliyoliwa na chumvi huwa na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga, na ikishafikia hapo si shaba tena, ni biskuti.

Nyingi zilikuwa manjano, chache zimeanza kupauka. Ile ya ubavu wa kushoto, karibu na tezi, nyuma kule, ilikuwa ufizi mtupu. Aliigonga kwa nyundo ndogo. Zile za manjano zililia kama kengele, hii ikatoa sauti ya kigae. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Boti ilipokuwa mpya, koki ile ilitokezea juu ya maji. Lakini chombo kinazeeka kama mtu, kinanenepa: rangi juu ya rangi, injini kubwa badala ya ndogo, kibanda kipya cha usukani. Boti ilikuwa imekaa chini kuliko ilivyozaliwa, na tundu lile sasa lilikuwa chini ya maji muda wote. Kilichozuia bahari isiingie ndani ni ile biskuti.

Fundi alitoka ngamani mweusi tii akamweleza mkwewe, tena kwa sauti ya chini, pembeni. Msumeno ndiye aliyepaza sauti. Aliwaita mabaharia waje wamsikilize Mwali, amekwangua chuma akaona rangi ya mdomo na sasa anataka tusiende baharini. Mpishi wa boti, mzee aliyefanya kazi na Msumeno tangu ujana wao, alichungulia akasema labda kuangalia si vibaya. Msumeno akamwuliza kama sufuria zote zimeshasuguliwa.

Fundi alisema tena, safari hii mbele ya wote, kwamba koki ile ikiguswa itavunjika.

"Kama unaihofia hivyo," Msumeno akasema, "basi utasafiri nayo. Utakaa nayo kule chini, uishike mkono. Mwanangu asione wivu, kila mwanamume ana haki ya mke wa pili."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Fundi angeweza kukataa. Hakuwa baharia, hakuajiriwa kwenye boti ile. Lakini jioni Msumeno alilisimulia jambo hilo mezani, kwa ufasaha wake wote, akiigiza mtu anayebembeleza koki, na mkewe fundi akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Alipoinua uso akamwona mumewe anamtazama. Asubuhi fundi alichukua sanduku lake akaenda bandarini na wenzake.

Huko baharini mzaha uliendelea. Msumeno aliagiza Mwali apelekewe chakula chake ngamani, maana si vyema mtu kuachana na mkewe mapema. Fundi alikaa kule chini, kwenye joto la injini, kaweka karibu yake kizibo cha mbao na nyundo. Mpishi alisema baadaye kwamba yule mtu hakulalamika hata mara moja, na kwamba hilo ndilo lililomkera nahodha.

Nyavu zilipokuwa zimeshuka majini, bahari ilichafuka kidogo, si sana. Boti ililala upande mara moja kwa nguvu, kreti la vyuma likateleza, likaugonga ule mpira wa kushoto. Koki ikakatika shingoni kama shina la muhogo. Maji yakaingia kwa unene wa paja.

Fundi alisukuma kizibo, lakini kizibo kilitengenezwa kwa ajili ya tundu la mviringo, na kingo za tundu lile zilikuwa zikimeguka kila alipopiga nyundo. Alivua shati akakizungushia, akakikandamiza kwa kiganja, akaweka mgongo wa mkono dhidi ya gogo linalobeba injini. Hapo maji yakapungua yakawa ya kuchuruzika, na pampu ikayaweza. Ila kila boti ilipolala upande, kizibo kilitaka kurudi ndani, na mkono wake ndio ulikuwa katikati ya bahari na gogo. Akapiga kelele.

Msumeno alikuja mwenyewe. Aliinama kwenye mlango wa ngama, akaangalia tundu, akaangalia mkono. Pembeni ya fundi, mahali ambapo mkono wake wa pili haukufika, palilala ubao na vipande vya mbao vya kukazia, vilivyowekwa pale kwa shida kama hiyo. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja kushuka na kuvipigilia.

"Shikilia," Msumeno akasema. "Nyavu ziko majini."

Akapanda juu. Wakavuta nyavu, na zilikuwa nzito, na walizivuta bila haraka. Walizitoa samaki, wakawapanga kwenye barafu. Kule chini sauti iliita, ikaita, kisha ikawa haiiti maneno. Mpishi alishika ngazi ili ashuke. Msumeno, bila kugeuka, alimwambia kwamba akishuka asipande tena, atafute boti nyingine ya kumpikia nahodha mwingine. Mpishi alikuwa mzee. Akaiachia ngazi.

Walipomaliza ndipo wakashuka wawili na ubao, wakaukaza kwa muda mfupi sana. Fundi alitolewa akiwa amekaza meno na mkono wake hauna rangi ya mtu.

Hospitali walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, wakambakishia gumba na cha mwisho. Mkewe alipofika, alimkuta baba yake kwenye benchi la nje, kofia magotini, amekaa kinyonge kama mtu mwenye msiba. Msumeno alimvuta karibu. Alimwambia kwa upole, upole ambao binti hakuwa ameusikia tangu alipokuwa mdogo mwenye homa, kwamba alikuwa na neno gumu la kusema na alitamani lisemwe na mtu mwingine. Mumewe ameilegeza ile koki mwenyewe. Kwa spana. Alitaka kuwaonyesha kwamba alisema kweli.

"Mtu anayetabiri moto, mama, mpekue kwanza mfukoni. Huko ndiko kiberiti kiliko."

Mabaharia wawili walikuwepo. Mmoja aliangalia ukuta, mwingine akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyesema ndiyo, wala aliyesema hapana.

Kilichompata yule binti pale kwenye benchi hakukitaja kwa mtu kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alipata nafuu. Miaka yote tangu aolewe alikuwa amesimama katikati ya wanaume wawili kama nguo kwenye kamba, huku anavutwa na huku anavutwa, na sasa mtu amemwambia kwamba mmoja wao ni mwovu, basi hana haja ya kuvutwa tena. Akaingia wodini. Mumewe alikuwa ameegemea mto, mkono umefungwa bandeji nene kama kichwa cha mtoto. Alipomwona mkewe uso wake ulifunguka.

Hakumpa pole. Alisimama miguuni pa kitanda akauliza, "Uliilegeza?"

Fundi alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Alipoona imeisha, aligeuza uso dirishani. Hakujibu ndiyo wala hapana, wala hakuuliza nani amesema. Mkewe aliporudi nje, baba yake alimwuliza amesemaje, naye akajibu kwamba hakukana. Msumeno akatikisa kichwa kwa huzuni.

Alipotoka hospitali, fundi alipita nyumbani kuchukua sanduku lake. Alilibeba kwa mkono wa kushoto, linamgonga paja. Msumeno alikuwa barazani. Alimuaga kwa furaha, akamwambia Mwali anaondoka bila hata kanga, watu watasema tumemnyima. Mkewe alikuwa jikoni anasikia. Hakutoka.

Nyumba ikawa ya watu wawili kama zamani. Msumeno alikuwa na furaha ya kweli. Aliimba akinyoa, alimletea binti yake kitambaa cha gauni, alikula akaongeza. Binti naye alipika, akafua, na watu walipomuuliza habari za mumewe alisema maneno yaleyale ya koki na spana, na kila aliposema yalizidi kuwa kweli.

Msimu uliofuata boti ikapandishwa chelezoni. Siku moja alimpelekea baba yake chakula, akamkuta ametoka kidogo kwenda kununua rangi. Chini ya boti alikuwa fundi mpya, kijana mwenye maneno mengi, amejilaza kwenye gunia akizikaza koki kwa upande wa nje. Zilikuwa mpya, zinang'aa. Pembeni kulikuwa na ndoo ya zile za zamani. Binti, kwa kutokuwa na la kufanya, aliokota moja. Ikammeguka kiganjani. Ndani ilikuwa na rangi ya ufizi.

Alimwuliza yule kijana zimekuwaje. Kijana akamweleza bila kujua anayeongea naye ni nani hasa, kwamba chumvi imezila, miaka mingi, si jambo la mwaka mmoja. Lakini mzee ni mjuzi, akasema kwa kumsifu, maana yeye fundi hata hakuhitaji kukagua. Mzee alimpeleka mwenyewe kwenye kila iliyooza akamwonyesha kwa kidole. Alimwambia anazijua tangu zamani, na ile mbovu kuliko zote ya ubavu wa kushoto ilikuwa ikimnyima usingizi hata kabla haijakatika.

Msumeno aliporudi na debe la rangi alimkuta binti yake ameketi juu ya gogo, chungu cha chakula kimefungwa vilevile, mkononi ameshika ule unga wa shaba. Alimfungulia kiganja. Msumeno aliangalia, akaweka debe chini. Mtu mwingine angetafuta uongo. Yeye alikuwa ameshazoea kushinda, na anayeshinda sana hupoteza hamu ya kuficha.

"Nilijua," akasema. "Sasa?"

Binti akamwuliza kwa nini.

"Nilitaka aondoke kwa miguu yake. Ningemfukuza mimi, ungemfuata. Sikujua yule mjinga atavumilia kiasi kile. Nilidhani ataomba msamaha, apande ngazi alie, wewe umwone alivyo." Akafungua chungu mwenyewe, akaangalia ndani. "Sikukuambia ukamuulize. Hilo uliliongeza wewe."

Kesho yake binti alipanda basi. Alikuwa amesikia kwamba mumewe yuko mji wa bara, kwenye karakana ya pampu za maji. Alimkuta kwenye meza ya kazi, ameegemeza bomba kifuani na kulikaza kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukisaidia kwa gumba na kidole cha mwisho kama koleo. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipomwona alinyanyuka, akamkaribisha, akafuta kiti kwa kitambaa safi, akaagiza soda. Alimwuliza habari za safari, za nyumbani, za afya ya mzee.

Binti alimwambia yote bila kupumzika, koki, ndoo, maneno ya baba yake. Alisema anajua sasa. Alipiga magoti pale kwenye sakafu yenye mafuta, na fundi akamwinua kwa kiwiko, taratibu, kama unavyomwinua mgeni aliyejikwaa.

"Kwa hiyo baba yako amekuambia," akasema.

"Ameniambia mwenyewe."

"Na asingekuambia?"

Karakana nzima ilikuwa inasikiliza huku ikijifanya haisikilizi. Fundi alimsogezea chupa akamwambia anywe, isije ikapata moto. Binti aliinywa yote, maana hakujua afanye nini kingine. Kisha fundi akamsindikiza hadi stendi, akamchagulia kiti cha dirishani, akamwambia utingo, huyu ni shemeji yangu, mwangalie asipitilizwe. Shemeji. Basi lilipowashwa aliinua ule mkono wa vidole viwili, akasema asante kwa kuja, umsalimie mzee.

Binti alirudi kwa baba yake kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kwenda, na Msumeno alikuwa mlangoni akimngojea, anacheka, akiuliza kama Mwali amekubali kurudishwa. Binti alipita pembeni yake akaingia jikoni. Alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kunawa, akamtandikia kitanda. Hakusema neno.

Msumeno alidhani ni hasira, na hasira huisha. Haikuisha, kwa sababu haikuwa hasira. Alimfulia, alimpikia, alimkanda miguu ilipovimba, na hakumsemesha. Mtu yule aliyeishi kwa mdomo sasa alirusha maneno yake yakaanguka sakafuni. Alitania, akatukana, akasimulia vichekesho vyake vyote tangu cha kwanza. Akaanza kukaa barazani akiwaita wapita njia kwa nguvu, lakini mabaharia walikuwa wamesimulia ya ngamani hatimaye, na wapita njia walikuwa na haraka.

Boti aliiuza magonjwa yalipomzidi. Yule mpishi mzee akawa ndiye mtu pekee anayekuja kumtazama, akiketi kando ya kitanda. Siku moja Msumeno, sauti imebaki nyembamba, alimshika binti yake upindo wa nguo alipokuja kumgeuza ubavu.

"Nisemeshe, mama. Hata unitukane. Nitukane tu nisikie."

Binti alimgeuza, akamnyoosha shuka, akautoa upindo wa nguo yake katika vidole vyake, kimoja kimoja. Halafu akamgeukia mpishi.

"Mwambie mgonjwa uji uko tayari," akasema.

Mpishi alimtazama yeye, akamtazama nahodha wake aliyekuwa umbali wa mkono mmoja, akisikia kila kitu. Akakohoa.

"Uji uko tayari," akamwambia.